Gari safi si gari linalong'aa: Siri iko kwa ndoo ya pili

Fanya jaribio hili ukipita mjini Kakamega. Tafuta gari jeusi lililotoka kuoshwa, limeegeshwa juani, kisha usimame mahali unapoona jua likiakisiwa kwenye boneti. Kulizunguka lile jua utaona nyuzi nyembamba, nyingi, zimejipinda kama utando wa buibui. Gari ni safi, tope hakuna, matairi yanameremeta. Lakini rangi imechoka, na aliyeichosha si barabara mbovu ya ushago. Ni kitambaa kilichotumika kuiosha.

Zile nyuzi ni mikwaruzo. Mmoja mmoja ni mdogo hivi kwamba hata ukucha hauusikii, ila ikifika maelfu inautawanya mwanga huku na kule badala ya kuurudisha machoni pako. Ndiyo maana gari jeusi linageuka kijivu na jekundu linakaa kama limepakwa unga. Mng'ao wa kweli, ule wa kuona mawingu na mwavokado wa jirani ndani ya mlango wa gari, si kitu cha kupaka juu tu. Ni rangi iliyo laini mpaka mwanga hauna mahali pa kujikwaa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kugoma kupatikana, nikaosha magari upande wa Lurambi kwa miezi kadhaa. Sitafuti huruma, maana nilikula na nikalipa nyumba. Pale kwetu gari dogo lilioshwa kwa shilingi 250, na aliyeliosha alibaki na 80, wakati mwingine 100 kama mdosi ameamka vizuri. Siku ya mvua unaweza kurudi nyumbani na nauli tu. Desemba ndio mavuno. Magari ya Nairobi yanashuka usiku kucha, na kila mtu anataka kuingia kwao Malava, Butere au Ikolomani gari likiwaka, asije wazee wa kijiji wakadhani jiji limemshinda.

Hebu tuangalie vifaa. Kawoshi nyingi zina tangi la plastiki la maji, mashine ya presha, unga wa sabuni ya kufulia, ndoo moja na matambara yaliyokatwa kutoka kwa fulana za mitumba. Shida inaanzia kwa ile ndoo moja. Udongo wa huku ni mwekundu, na ukikauka kwenye mlango wa gari lililotoka barabara ya maramu, ndani yake mna mchanga mgumu kabisa. Unachovya kitambaa, unasugua, kitambaa kinabeba mchanga, unakirudisha kwa ndoo ileile, unakitoa na mchanga uleule, unahamia kwa boneti. Buda, hapo huoshi tena. Unapiga msasa.

Ndipo nikuambie stori ya kijana mmoja tuliyefanya naye kazi. Aliosha gari jeusi la mteja mmoja mkubwa, kwa ndoo ile moja tuliyoitumia wote tangu asubuhi. Jioni gari likaondoka safi. Siku mbili baadaye mwenyewe alirudi akiwaka, ameona utando wa buibui juani. Mdosi hakuuliza mara mbili, akamkata kijana pesa za wiki nzima. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale hapakuwa na ndoo ya pili, ambayo ni mia tatu hivi sokoni. Kijana akaondoka, siku hizi yuko kwa bodaboda.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki tu kwa uharibifu ambao mfanyakazi amesababisha kwa makusudi, na kwamba makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kijana wetu hakukusudia lolote, na alikatwa zote. Lakini utamshtaki mtu aje wakati huna hata karatasi moja inayosema ulikuwa unamfanyia kazi? Vijana wengi wa kawoshi wanalipwa kwa kila gari, mkononi, na ukigombana na mdosi jioni, kesho asubuhi mtu mwingine ameshika presha.

Turudi kwa rangi, kwa sababu ukijua imejengwa vipi utaacha kuidharau. Gari la kisasa lina tabaka. Chini kabisa ni bati, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho ile mafundi wanaita klia, tabaka linaloonyesha kama kioo ambalo ndilo linalobeba mng'ao wote. Rangi yote ya kiwandani, kutoka kwa bati hadi juu, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150. Karatasi moja ya fotokopi ina unene wa mikroni 100 hivi. Klia peke yake ni mikroni 40 au 50, nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Hiyo ndiyo mali unayosugua kwa fulana ya mtumba. Na magari mengi tunayoosha yametumika Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa Mombasa, kwa hivyo klia yenyewe imeshapitia mikono mingi.

Sasa kuosha. Kwanza lisimamishe kivulini na uache boneti ipoe, kwa sababu sabuni ikikauka kwenye bati lenye moto inaacha madoa ambayo utayalilia baadaye. Anza na magurudumu, maana ndiyo machafu zaidi na huwa na unga wa breki, na yatengewe kitambaa na ndoo yao. Kisha piga maji gari lote kutoka juu kwenda chini, taratibu, bila kuligusa kwa mkono. Ukiwa na sabuni ya povu, lipake, uliache dakika chache tope lilainike, halafu lisuuze tena. Lengo ni kwamba kitambaa kikigusa rangi, mchanga uwe umeshaondoka wenyewe.

Baada ya hapo ndio ndoo mbili. Moja ina maji na shampuu ya gari, nyingine maji matupu. Unachovya glavu laini kwenye shampuu, unaosha sehemu moja, tuseme paa, kisha kabla ya kuirudisha kwenye shampuu unaisuuza kwenye yale maji matupu. Mchanga unazama kule. Ukimaliza gari angalia chini ya ndoo ya pili. Utaona matope ambayo yangekuwa yamechora boneti. Osha kwa mistari iliyonyooka, si kwa duara, na sehemu za chini za milango ziwe za mwisho. Glavu ikianguka chini, imekwisha kazi kwa leo, hata uwe na haraka namna gani.

Sabuni ya kufulia inaondoa uchafu, sikatai. Imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, basi na nta iliyo kwenye gari inaiondoa pia. Ukimwoshea mteja gari lililopakwa nta kwa sabuni hiyo, umemvua koti aliyolilipia. Kukausha nako watu hukimbiza. Kitambaa cha maikrofaiba, kikubwa na safi, kilazwe juu ya maji kivutwe polepole. Ukiacha matone yajikaushe juani, chumvi iliyomo majini inabaki kama vidoti vyeupe.

Gari likikauka, ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na upapase boneti. Ukisikia kama vipele, kuna vitu vimeng'ang'ania rangi: lami, utomvu wa miti, chembe za chuma kutoka kwa breki. Maji hayaviondoi. Vinatolewa kwa kipande cha udongo maalum, laini kama plastisini ya watoto, kinachotelezeshwa juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni. Ni kazi ya kuchosha mkono lakini tamu ajabu, unasikia boneti ikigeuka kutoka ukuta wa plasta hadi kioo. Na kwa sababu tunaishi na ndege wengi kuliko watu wa mji wowote ninaoujua, ongezea hili: kinyesi cha ndege kina asidi, kikipikwa na jua kinachimba alama kwenye klia. Kitoe siku hiyohiyo kwa maji mengi, usikikwangue.

Hapa ndipo watu wanachanganya mambo mawili. Polishi na nta si kitu kimoja. Polishi inaondoa, nta inaongeza. Ndani ya polishi mna chembe ndogo sana za kusaga, zinazokula sehemu ya juu ya klia mpaka zifikie chini ya mikwaruzo, rangi ikawa tambarare tena. Utando wa buibui unapotea kwa sababu klia yenyewe imepungua. Kwa hivyo mtu akikuahidi kupiga gari lako polishi kila mwezi, mkimbie. Mikroni 40 si shamba la kurithisha watoto. Gari linaloshwa vizuri linaweza kukaa miaka bila kuhitaji polishi tena.

Kwa mkono inawezekana, ila utalala na bega linalouma. Kuna mashine ya kuzunguka moja kwa moja, yenye nguvu na hatari, ikituama mahali pamoja inachoma rangi hasa kwenye kona na kingo ambako ni nyembamba zaidi. Kuna nyingine inayozunguka huku ikiyumbayumba, hiyo ndiyo ya anayejifunza. Chukua polishi nyepesi kwanza, jaribu sehemu ndogo ya kama futi mbili kwa mbili, futa, mulika kwa tochi ya simu. Ikitosha, endelea nayo gari lote. Isipotosha ndio upande polishi kali kidogo. Wanaoanza na ile kali wanataka kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Magari ya zamani yasiyo na klia yatakuachia rangi kwenye kitambaa. Usishtuke sana, ila punguza mkono, kwa sababu hapo unakula rangi yenyewe.

Nta inakuja mwisho. Ile inayosifiwa zaidi, karnauba, inatoka kwa majani ya mti mmoja wa jamii ya mitende huko kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti unajipaka nta majanini ili usipoteze maji wakati wa kiangazi. Kuna waliojaribu nta ya nyuki, na kwa kweli asali haikosekani kandokando ya msitu wa Kakamega, lakini nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za selsiasi, wakati karnauba inafika zaidi ya 80. Ukumbuke tuko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la huku halichezi na boneti.

Paka kidogo sana. Ukiona gari limekuwa jeupe kama keki, umemwaga pesa. Tabaka jembamba, liache mpaka livae ukungu, kisha futa kwa maikrofaiba safi na ugeuze upande wa kitambaa mara kwa mara. Karnauba itakaa wiki kadhaa. Zile za kutengenezwa maabara hukaa miezi, ingawa kwa macho yangu karnauba kwenye gari jeusi bado ina joto fulani ambalo hizo nyingine hazina. Utabishana nami, sawa.

Kuna mambo ya kawoshi ambayo ningeyapiga marufuku kesho. Dizeli inayopulizwa chini ya gari na kwenye injini ili ing'ae ni moja, kwani mafuta hayo yanavimbisha na kuozesha mipira. Asidi ya kusafishia rimu ni nyingine, na hiyo mwathiriwa wa kwanza ni kijana aliyeishika mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga kwa kazi ya maji na kemikali. Sisi tulinunua gambuti zetu wenyewe.

Halafu mto. Isiukhu unaingia Nzoia, na Nzoia inamwaga Ziwa Victoria. Gari likioshwa ukingoni, oili na sabuni vinasafiri njia hiyohiyo, vikipita kwa akina mama wanaochota maji upande wa chini. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji hivyo, lakini hata bila sheria, hujui ni nani atakunywa rimu zako leo jioni.

Kwa msee anayetaka kuingia kazi hii, usingoje mtaji wa mashine. Mimi na mwenzangu tulianza na ndoo mbili, glavu mbili, maikrofaiba sita, shampuu, kipande cha udongo na kopo moja la nta. Gari la kwanza la mwalimu mmoja lilituchukua kuanzia asubuhi hadi saa tisa, tukalipwa 1,500. Tulipokuja kuazima mashine tukafanya polishi kamili siku nzima kwa 4,000, maji na umeme vikiwa vya mwenye gari. Linganisha na magari 16 ya shilingi 250, hizo 80 zako ukizihesabu kila jioni.

Na kwa wewe mwenye gari: ukiambiwa wanaosha na kupaka nta kwa mia tano ndani ya dakika 20, ujue umepata shampuu yenye nta kidogo, si kazi niliyoieleza hapa. Lete gari mapema, saa moja au saa mbili asubuhi. Kufikia saa nane mchana, msimu wa masika, wingu huwa limeshasimama upande wa msitu, na hakuna fundi anayepaka nta kwenye mvua.