Una cheti cha jina la biashara? Jina bado si mali yako

Msimu wa mavuno unapofika na bei ya mpunga ikashuka, wapo wanaouza gunia kwa gunia kwa bei anayoipanga mnunuzi. Wapo pia wanaokoboa, wakachambua, wakafungasha kilo 5 kwenye mfuko wenye jina, wakauza kwa bei wanayoipanga wenyewe. Mpunga ni ule ule wa shamba lile lile. Kinachowatofautisha watu hawa wawili ni jina lililochapwa juu ya mfuko. Kwa hiyo wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za magunia na kuliangalia jina hilo: kisheria ni la nani, na mfanyabiashara mdogo afanye nini lisije likamponyoka siku linapoanza kuuza.

Wafanyabiashara wengi, hata wale wenye maduka mawili matatu, wanaamini kwamba cheti cha jina la biashara kilichotundikwa ukutani nyuma ya kaunta kinatosha. Hakitoshi. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ambao ulianzishwa mwaka 1999, unatunza daftari zaidi ya moja, na kila daftari lina sheria yake. Jina la biashara linaandikishwa chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Kazi ya daftari hilo ni kuwajulisha watu nani hasa yuko nyuma ya kibao kilichoandikwa jina fulani, ili anayekudai ajue pa kukupata. Alama ya biashara, yaani jina au mchoro unaotambulisha bidhaa yenyewe, inaandikishwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, Sura ya 326. Daftari la kwanza linakutambulisha wewe kwa wengine. La pili ndilo linalokupa haki ya kumzuia mwingine.

Tuseme msagishaji mmoja wa Iringa ameandikisha jina la biashara, Kinyungu, akapata leseni, akawa na namba ya mlipakodi, akaanza kuuza unga wa lishe. Miaka mitatu anahangaika nao. Anazunguka na pikipiki dukani kwa dukani, anatoa sampuli za bure kliniki za watoto, mpaka akina mama wanafika dukani wakitaja Kinyungu hata kabla ya kutaja unga. Hapo mtu mwenye mtaji mkubwa, ambaye ameona jinsi mzigo unavyokwenda, anapeleka ombi la kuandikisha neno Kinyungu kama alama ya biashara kwa bidhaa za unga. Ombi linatangazwa, siku zinapita bila mtu kupinga, anapewa cheti. Siku ya pili yake wakili wake anaandika barua Iringa: acheni kutumia alama ya mteja wangu.

Je, wa Iringa hana pa kukimbilia? Anapo, ila njia ni ndefu. Mahakama zetu, kwa kufuata misingi tuliyorithi kutoka Uingereza, zinamlinda mtu ambaye bidhaa yake imejijengea sifa sokoni dhidi ya mwingine anayeuza mali yake kana kwamba ni ya yule wa kwanza. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa mlalamikaji. Inabidi aonyeshe kwamba sifa hiyo ipo kweli, kwamba wanunuzi wanadanganyika, na kwamba anaumia. Mwenye cheti cha alama anaanza na karatasi moja tu mkononi. Asiye nacho anaanza na mashahidi, stakabadhi za miaka mitatu na gharama za wakili, huku mzigo wake ukiwa umesimama. Ndiyo maana tunasema stakabadhi za mauzo, ankara za mchapishaji wa mifuko na risiti za matangazo ya redio zisitupwe hata kidogo. Zenye tarehe zitunzwe kwenye faili.

Wenye kampuni nao wasijione wamesalimika. Kusajili kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kunaleta faida kubwa ambayo jina la biashara halileti: madeni ya kampuni yanakuwa ya kampuni, wakati mwenye jina la biashara anadaiwa mpaka kitanda chake. Lakini kwa upande wa bidhaa, jina la kampuni nalo si alama. Unaweza kuwa na kampuni iliyosajiliwa barabara na bado ukakatazwa kuandika jina lake juu ya chupa ya juisi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya wengi, makundi. Alama haiandikishwi kwa vitu vyote duniani. Tanzania inafuata orodha ya kimataifa iliyoanzia kwenye makubaliano ya Nice, Ufaransa, mwaka 1957. Orodha hiyo ina makundi 45. 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Unga, mchele, chai, kahawa na viungo viko kundi la 30. Mafuta ya kula, maziwa na nyama viko kundi la 29. Maji ya chupa, juisi na bia ni kundi la 32. Sabuni na vipodozi ni la 3, nguo ni la 25, na mgahawa ni la 43. Kila kundi lina ada yake, na hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anatakiwa kupiga hesabu kwa akili. Kama unauza unga leo na una mpango wa kweli wa kukamua alizeti mwakani, lipia kundi la 30 na la 29. Kulipia makundi kumi kwa kuota tu ni kufukia fedha ardhini.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa maneno yetu wenyewe. Kampuni ya Disney ya Marekani iliomba kuandikisha maneno "Hakuna Matata" mwaka 1994, mwaka ambao filamu yake ya The Lion King ilitoka, na yakaandikishwa kule Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia saini malalamiko wakisema Kiswahili kimeibwa. Hasira ile ilieleweka, lakini kwa mtu wa biashara ilikuwa vizuri kusoma cheti chenyewe kinasema nini. Hakikumkataza mtu wa Arusha kumwambia mgeni wake hakuna matata. Kilihusu bidhaa za aina fulani katika nchi moja. Anayetaka kupeleka fulana zenye maneno hayo Marekani ndiye mwenye sababu ya kumwona wakili kwanza.

Nchi moja, nchi moja. Hilo ndilo wanaouza nje ya mipaka wanalisahau. Cheti cha BRELA kinafanya kazi Tanzania Bara. Ukivusha mzigo wako kwenda Unguja, huko wana sheria yao ya mali za viwandani, Namba 4 ya mwaka 2008, na daftari lao. Namanga ukishapita, daftari liko Nairobi. Mutukula ukishapita, liko Kampala. Hakuna cheti kimoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachofunika nchi zote wanachama, pamoja na kwamba lori la mzigo linazipita siku mbili tatu tu.

Watu wa pwani wanaikumbuka habari ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha neno "Kikoy" nchini kwao kama alama yake. Lingepita, Mkenya au Mtanzania anayepeleka vikoi Uingereza angeweza kuambiwa asivitaje kwa jina lake la asili. Ombi lilipingwa na watetezi wa biashara ya haki pamoja na upande wa Kenya, na mwaka 2008 likaachwa. Lilipingwa kwa sababu kuna watu waliosoma tangazo ndani ya muda.

Kabla hujatoa hata senti moja kwa mchapishaji, chagua jina linaloandikishika. Hapa ndipo soko na sheria vinapogongana. Mwenye duka anapenda jina linaloeleza bidhaa: Unga Bora, Mchele Safi, Asali Tamu. Mteja analielewa mara moja, ni kweli. Lakini Msajili hawezi kumkabidhi mtu mmoja neno ambalo kila muuza asali analihitaji. Majina ya mahali nayo ni ya mashaka. Mchele wa Kyela ni sifa ya Kyela nzima, haiwezi kuwa ya mfungashaji mmoja wa Kariakoo. Jina lenye nguvu ni lile ambalo halina uhusiano wa moja kwa moja na bidhaa, au neno ulilolibuni mwenyewe. Liwe fupi. Litamkike kwa Msukuma, Mchaga na Mmakonde bila kugeuzwa. Lisikike vizuri redioni, maana wateja wengi watalisikia kabla ya kuliona. Na lisifanane na jina la mkubwa kwa kubadilisha herufi moja, mtindo ambao umezagaa sana kwenye viberiti, betri na mafuta ya nywele, na ambao huishia kwenye bidhaa kukamatwa na Tume ya Ushindani.

Ukishapata majina mawili matatu, omba BRELA wafanye upekuzi kwenye daftari la alama, si la majina ya biashara peke yake. Wapo walioagiza mifuko 20,000 China ndipo wakaenda kuuliza. Mpango wa fedha uwe hivi: upekuzi kwanza, ombi pili, kisha chapa mifuko michache ya kujaribia soko. Oda kubwa ya vifungashio isubiri. Alama ya ubora ya TBS na namba ya mistari, ile ya hapa kwetu inayoanza na 620, zinahitajika pia kama unalenga kuingia kwenye maduka makubwa, na vyote hivyo huchapwa juu ya mfuko huo huo. Kubadilisha jina baadaye ni kuchapa vyote upya. Wala usiweke ile herufi R ndani ya duara kabla cheti hakijatoka.

Ombi liandikwe kwa jina la nani? Swali hili limevunja urafiki mwingi. Alama ni mali kama kiwanja. Inauzwa, inakodishwa, inarithiwa. Kama mko watatu na ombi limekwenda kwa jina la mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa na namba ya NIDA mkononi siku ile, mkigombana anaondoka nayo. Kama ni kampuni, iwe mali ya kampuni. Kama ni ushirika wa mdomo tu, andikeni kwanza mkataba, hata wa kurasa mbili, useme nani ana fungu gani na akitoka inakuwaje. Na kijana aliyewachorea nembo apewe malipo yake na asaini karatasi kwamba ameuza haki zote za mchoro. Wakati nembo haijulikani atasaini kwa soda.

Ombi likikubaliwa linatangazwa katika jarida la Msajili, na yeyote ana siku 60 za kupinga. Mlango huo uko wazi kwako pia. Mtu akiomba alama inayofanana na yako, hizo siku 60 ndizo za kumzuia kwa gharama ndogo, kabla mambo hayajafika mahakamani. Kwa hiyo jarida hilo lisomwe, au mwachie wakili kazi ya kulifuatilia.

Cheti cha kwanza kinadumu miaka 7 kuanzia tarehe ya kupeleka ombi, si tarehe ya kukipokea. Baada ya hapo kinahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Anayepeleka ombi leo aandike tarehe ya leo kwenye daftari lile lile analoandikia kodi ya pango, ahesabu miaka 7, atoe miezi mitatu, na hiyo iwe siku ya kwenda BRELA na ada.