Printa inasoma chipu, haisomi unga: mambo ya kujua kabla hujamtumia mteja tona

Wauzaji wenzangu, kama unauza tona mtandaoni najua ujumbe huu umeshakufikia: "Dada, tona yako feki, printa imeikataa." Mara nyingi tona ni nzima na wala si feki. Printa imegundua tu kwamba haikutoka kiwandani kwao. Usipojua printa inagunduaje, utarudisha hela ambayo hukutakiwa kurudisha, au utagombana na mteja mwenye haki yake.

Mimi nina duka dogo la tona na vitu vya steshenari, oda nyingi zinaingia kwa simu. Shule niliishia kidato cha nne. Haya nimeyajua kwa kushika printa za wateja na kupitia setingi moja baada ya nyingine. Twende taratibu.

1. TENGANISHA MAJINA MANNE

Orijino ni ile iliyotengenezwa na kampuni ya printa yenyewe.

Kompatibo ni tona mpya ya kiwanda kingine, imetengenezwa iingie kwenye printa hiyo. Boksi lina jina lake na linataja printa inazofaa.

Rifili ni ganda lililotumika, likasafishwa na kujazwa unga upya.

Feki ni ile iliyovalishwa boksi na nembo ya kampuni isiyoitengeneza.

Kompatibo na rifili ni biashara halali ukiziuza kwa majina yake. Ukiiandika kompatibo "HP orijino" hapo umeingia kwenye bidhaa bandia, na kwa Tanzania wanaofuatilia bidhaa bandia ni FCC, Tume ya Ushindani. Usiuze jina ambalo si lako.

2. PRINTA INATAMBUAJE

Angalia ubavuni mwa tona. Nyingi zina kidude kidogo cha bapa chenye vijistari vya rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo chipu. Ukifunga tona, printa inagusana na vile vijistari na kusoma habari za katriji. Unga wenyewe haiujui. Unga ukiwa mzuri namna gani, chipu ikikataliwa karatasi haitoki.

Ndiyo maana tona za zamani hazisumbui. Chukua HP 12A, ile ya LaserJet 1018 na 1020. Haina chipu kabisa, kwa hiyo printa haina cha kusoma. Kama unaanza biashara hii na mtaji mdogo, tona za aina hiyo zitakupa usingizi.

3. UJUMBE WA PRINTA HAUFANANI

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapigwa. Kuna ujumbe wa kukujulisha na kuna ujumbe wa kukataa.

Wa kujulisha unasema tona hii si ya kampuni, au kiasi cha unga kilichobaki hakionekani. Mteja akibonyeza OK, kazi inaendelea. Huyu hahitaji kurudishiwa hela, anahitaji kuelekezwa.

Wa kukataa unasema katriji imezuiwa kwa sababu chipu si ya kampuni. Huo ukitokea, hata aitoe na kuirudisha mara kumi haisaidii.

Upo na wa tatu: katriji imefungiwa kwenye printa nyingine. Baadhi ya printa za HP zina setingi ya kulinda katriji. Ikiwa imewashwa, katriji orijino ikishatumika humo haitakubali printa nyingine tena. Unayenunua maganda matupu ya kujaza, hilo likumbuke.

Kwa hiyo mteja akilalamika, kabla hujajibu chochote mwambie: "Naomba picha ya maneno yaliyotokea." Picha moja inamaliza nusu ya ugomvi.

4. ILIKUBALI JANA, LEO IMEKATAA

Hili lina maelezo yake. Printa iliyounganishwa na intaneti inaweza kujisasisha programu yake ya ndani, na baada ya hapo ikakataa chipu iliyokuwa inaikubali. Septemba 2016 ilitokea kwa watu wengi duniani: printa za HP za wino wa maji, za OfficeJet, ziligoma siku moja kutumia katriji za viwanda vingine, na kampuni ikaja kutoa sasisho jingine la kuondoa zuio hilo.

HP wanaeleza wenyewe kwamba printa zenye ulinzi huo zinataka chipu ya HP, iwe mpya au iliyotumika. Isome hiyo sentensi mara mbili, maana ina hela ndani. Rifili iliyobaki na ganda na chipu yake ya kwanza inaweza kukubali mahali ambapo kompatibo mpya kabisa imekataliwa.

Nina mteja Singida mwenye steshenari jirani na shule. Kompatibo ilimfanyia kazi wiki kadhaa, halafu wiki ya mitihani ikagoma asubuhi na mapema, walimu wamejaa mlangoni. Nikamuuliza kitu kimoja tu: "Kaka, jana umeunganisha printa na waifai?" Akasema ndiyo, na ilijizima ikajiwasha yenyewe. Nikampandishia kwenye basi rifili yenye chipu ya mwanzo, ile kompatibo akanirudishia, nikamuuzia mtu mwenye printa isiyo na intaneti. Hakuna aliyepoteza hela.

Kwenye baadhi ya printa unaweza kuzima kujisasisha. Ila mweleze mteja ukweli wote: masasisho hayohayo huziba pia mianya ya usalama. Uamuzi ni wake.

Na printa zilizosajiliwa kwenye mpango wa HP+ zinataka wino au tona orijino ya HP na intaneti muda wote. Mteja wa namna hiyo usimuuzie kompatibo hata akibembeleza.

5. PIGA HESABU YA PARSELI

Tuseme tona moja inakuachia faida ya 8,000. Parseli ya kwenda 5,000 na ya kurudi 5,000, hela ya tona umeirudisha, hapo faida imeyeyuka, umetoboka 10,000 na mteja ameondoka. Swali la dakika moja kabla ya oda ni rahisi kuliko hiyo safari.

Mimi kila anayeulizia tona namtumia ujumbe huu. Nakili uufanye wako:

"Asante kwa oda. Naomba:
- Picha ya jina na namba ya printa yako.
- Picha ya tona iliyomo sasa, upande wenye namba na upande wenye chipu.
- Printa inatumia intaneti?
- Umewahi kuweka tona isiyo ya kampuni? Ilikubali?
Tona hii ni KOMPATIBO, si orijino. Printa inaweza kuonyesha ujumbe wa kukujulisha, bonyeza OK uendelee. Ikikataa kabisa ndani ya siku 7, tuma picha ya ujumbe, nabadilisha."

Hizo siku 7 ni zangu, wewe panga unazozimudu. Lakini ziandike, na neno KOMPATIBO liandike kwa herufi kubwa juu ya posti, kabla ya bei. Mteja aliyejua anachonunua hata printa ikigoma atakupigia kuuliza afanyeje. Aliyeambiwa orijino akakuta siyo, hapigi. Anakutangaza.