Uwanja Umejaa, Lakini Nguvu Iko Wapi?

Kila mkutano wa hadhara unapomalizika hapa Pwani, huanza mkutano wa pili, nao ni ule wa picha. Huyu huonyesha Tononoka ikiwa imejaa pomoni. Yule hujibu kwa picha iliyopigwa upande ambao nyasi zinaonekana. Mabishano hayo huingia hadi majumbani mwetu, vijana wakashindana na wazee wao baada ya chakula cha usiku, kila mmoja akiitetea idadi yake. Nyuma ya ugomvi huo mna dhana ambayo aghalabu haihojiwi na yeyote: ya kwamba penye watu wengi ndipo penye nguvu. Tumeona dhana hiyo inastahili kupimwa, maana watu hutoa wakati wao, nauli zao, na mara nyingine damu yao, kwa kuiamini.

Tuanze na idadi yenyewe. Katika miaka ya 1960, Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, aliwatazama kutoka dirishani wanafunzi waliokuwa wakiandamana. Uwanja waliosimama ulikuwa umegawika miraba, basi akahesabu watu wa miraba michache kisha akazidisha. Alifikia kanuni ambayo ingali inatumika: katika umati uliolegea, mtu mmoja huchukua takriban mita moja ya mraba; katika umati uliosongamana, huchukua chini ya nusu ya hiyo. Msomaji anaweza kujifanyia hesabu. Kiwanja cha kandanda chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 64 huchukua watu 6,400 waliosimama kwa nafasi, na wakibanana, kama 15,000. Anayetangaza laki moja katika kiwanja hicho hana budi kuwa aliwapanga watu ghorofa kwa ghorofa.

Habari ya mabasi ya bure, fulana za bure na nauli ya kurudia haihitaji maelezo. Wasomaji wetu wanaijua kuliko sisi.

Lakini tuchukulie kwamba idadi ni ya kweli, na kila aliyekuja amekuja kwa hiari yake. Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Februari 2003, watu waliandamana katika mamia ya miji ulimwenguni kupinga vita vilivyokuwa vikiandaliwa dhidi ya Iraki. Mjini London peke yake polisi walikadiria watu 750,000, na waandalizi wakadai karibu milioni mbili. Hata tukilishika kadirio dogo, ulikuwa umati wa kutisha. Tarehe 18 Machi Bunge la Uingereza likapiga kura, vita vikaungwa mkono kwa kura 412 dhidi ya 149, na tarehe 20 Machi mashambulizi yakaanza.

Hatusemi kwamba maandamano yale yalikuwa bure. Wabunge 139 wa chama tawala waliasi siku ile, na si rahisi kuamini kwamba wangethubutu lau barabara zingekuwa tupu. Hata hivyo serikali ilikuwa na wabunge wa upinzani wa kuziba pengo hilo. Nao waandamanaji walirudi makwao jioni. Jumatatu treni zikaenda kama kawaida, bandari zikafanya kazi, kodi zikalipwa. Waziri Mkuu aliwasikia, lakini hapakuwa na chochote mikononi mwao ambacho alikihitaji wiki ile.

Sasa tutazame Uturuki mwezi uo huo. Marekani iliomba ruhusa ya kuwapitisha askari wapatao 62,000 katika ardhi ya Uturuki ili waingie Iraki kutoka kaskazini, na ruhusa hiyo ilihitaji idhini ya Bunge. Tarehe 1 Machi, wabunge walipokuwa wakijadiliana, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika mjini Ankara. Umati huo haukuufikia ule wa London hata kidogo. Kura zikahesabiwa: 264 za kukubali, 250 za kukataa, na 19 walijizuia. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa, ila sheria ilitaka zaidi ya nusu ya wote waliohudhuria, na kwa hesabu hiyo zilipungua kura tatu. Askari hawakupita. Wananchi wale walikuja na sauti zao siku ileile, na mahali palepale, ambapo jambo lilikuwa likiamuliwa, nalo lilikuwa jambo ambalo bila ya ndiyo ya wawakilishi wao lisingeweza kutendeka.

Sisi wa Mombasa hatukuhitaji kwenda mbali kulijua hili. Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waliacha kazi. Walikuwamo makuli wa bandari, watu wa reli, wahudumu wa mahoteli na watumishi wa majumbani. Walikutana katika uwanja wa mpira wa Majengo, wakaupa jina jipya, Kiwanja cha Maskini. Umati ule ulikuwa mkubwa, na picha yake ingependeza. Lakini kilichowashughulisha wakuu wa serikali ya kikoloni ni kule ambako watu hawakuwako: gatini, kwenye mabehewa, na jikoni mwa wenye nyumba. Shehena za Kenya na za Uganda zilipita mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa umefungwa na watu waliokaa kitako Majengo. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili. Serikali ikaunda baraza la kuyachunguza malalamiko yao, na mishahara ikaongezwa.

Zingatia pia kilichofuata. Mwezi Agosti mwaka huohuo alikamatwa Chege Kibachia, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa na mgomo ule, akapelekwa uhamishoni Baringo. Uwanja wa Majengo haukuondoka mahali pake, na maskini hawakupungua. Serikali ilimlenga mtu aliyeweza kuwakusanya tena, na bila yeye shirikisho lile likanyauka.

Lamu imetupa mfano wa namna nyingine. Kwa sensa ya 2019, kaunti nzima ina watu 143,920, ilhali Mombasa ina 1,208,333. Watu wachache namna hiyo hawawezi kuitisha serikali kwa kujaza uwanja. Mradi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 ulipopata leseni ya mazingira mwaka 2016, wavuvi, wazee na vijana waliojiunga katika Save Lamu walipeleka rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira. Kesi ilichukua zaidi ya miaka miwili ya safari, nyaraka na ushahidi, mambo yasiyopigwa picha na mtu. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza likaifuta leseni.

Katika kesi ile, waliotegemea mahudhurio ni upande wa mradi. Walionyesha kwamba mikutano iliitishwa na wananchi walikuja. Baraza likatazama tarehe: mikutano hiyo ilifanywa mwanzoni, kabla ya ripoti ya athari za mazingira kukamilika. Waliokuja walikaa, wakasikiliza utangulizi, wakaondoka bila kuelezwa ripoti ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Kwa hukumu ya Baraza, kuwapo kwao ukumbini hakukuwa ridhaa.