Umejifungua kwa upasuaji? Tembea, lakini mtungi usubiri

Ukiwa mama mchanga hapa Dabaso na umejifungua kwa upasuaji, ushauri utaletewa hadi mlangoni. Shangazi atakwambia ulale tu mpaka arobaini ipite. Rafiki yako atakuonyesha video ya mama anayeruka kamba wiki ya pili. Na mtungi wa maji nao uko pale, unakungoja. Sasa ushike lipi?

Anza na hili: kulala kutwa si kupumzika. Mimba na upasuaji hufanya damu igande kwa urahisi, na ukikaa bila kusogea damu hutuama miguuni. Ndiyo maana wauguzi hukuamsha ndani ya saa 24 za kwanza, hata kama unanung'unika. Usiinuke kwa kulivuta tumbo. Geuka ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Ukitaka kukohoa au kucheka, bana leso iliyokunjwa juu ya kidonda.

Ukirudi nyumbani, tembea uani dakika tano asubuhi kabla jua halijakaza, na tano jioni. Ongeza polepole. Mpira wa mkojo ukishatolewa, kaza misuli ya chini kama anayezuia haja ndogo, hesabu hadi tano, kisha achia. Hata kitandani unaweza.

Mtungi je? Hapo ngoja. Kidonda cha juu kikikauka, usidhani ndani pamepona. Mji wa mimba na tabaka za tumbo zilizoshonwa bado zinajiunga. Kwa wiki sita hivi usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, karibu mara sita ya mtoto wa kilo tatu na nusu! Na wiki sita ni siku 42. Kwa hivyo wazee na arobaini yao hawakukosea sana, ila tu arobaini si ya kulala.

Baada ya hapo, muulize daktari au muuguzi kabla ya kurudia mbio au mpira. Shirika la Afya Duniani linapendekeza akina mama waliojifungua, wasio na tatizo la kiafya, wafikie angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Lakini usikimbizwe na mtu. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaica alijifungua kwa upasuaji Agosti 2017, akatwaa dhahabu ya dunia ya mita 100 jijini Doha 2019. Ni miaka miwili hiyo.

Kuna dalili za kutosubiri: homa, kidonda kutoa usaha au harufu, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuuma au pumzi kukata. Serena Williams aliishiwa pumzi siku moja baada ya upasuaji wake, Septemba 2017. Aliwahi kuugua damu kuganda, basi akasisitiza apimwe, na mabonge yakaonekana mapafuni. Nawe usione haya kusisitiza. Panda gari uende Gede au Malindi, hata kama ni usiku.

Na wewe kaka unayesoma hii, mkeo akitembea uani usimwambie, "Kumbe umepona, nenda kisimani." Mtungi ni wako mpaka wiki sita ziishe. Zikiisha pia, si vibaya ukiendelea.