Mswaki wa Kando ya Laga

Mswaki ni kichaka, na mara nyingine mti mdogo wenye shina lililopinda, unaoota katika nchi kame kuanzia Afrika hadi Uarabuni na India. Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Salvadora persica: la kwanza ni heshima kwa mfamasia wa Barcelona, la pili lataja Uajemi. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya huuita esekon. Karibu na Lokichar, kusini mwa Lodwar, hupatikana zaidi kando ya laga, mito ya msimu ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Nyasi zikishakauka wenyewe hubaki kijani, kwa kuwa mizizi yake huyafuata maji chini ya mchanga. Hata ardhi ya chumvi huivumilia.

Anayetaka maua ya kujivunia hatayapata hapa. Ni madogo mno, yamepauka, nusu kijani nusu njano. Thamani iko kwenye matunda, punje za mviringo ambazo zikiiva huwa za waridi au zambarau. Utamu wake una ukali kidogo, kwani mti huu una kemikali za jamii moja na zile zinazoifanya haradali ichome puani. Waturkana huyala yakitoka mtini au huyakausha yawe akiba. Majani ni ya mbuzi na ngamia.

Miti ya kando ya mito haikuwa ya kila mpita njia. Kwa mila ya ekwar, familia hutambuliwa kuwa na haki ya kutumia na kulinda sehemu yake ya ukingo. Siku hizi mathenge, mti wa kigeni, umetanda kwenye kingo hizohizo na kuibana mimea ya asili.

Waarabu huutenga mti, araki, na kijiti chake, siwaki. Kiswahili kimeviita vyote mswaki, na brashi ya plastiki ilipofika dukani ikarithi jina hilohilo. Kijiti chenyewe hukatwa kwenye mzizi au tawi lenye unene wa kidole. Ncha humenywa gome, hutafunwa mpaka nyuzi zichanuke, kisha husugua meno bila dawa nyingine. Kikikauka hulowekwa. Nyuzi zikichakaa, ncha hukatwa na nyingine kutafunwa, hadi kijiti kiwe kifupi kisishikike.