Ruashi: mgodi utafungwa siku moja, nani anapanga komine itakayobaki?

Mwaka 1911, kiwanda cha Lubumbashi kiliyeyusha shaba yake ya kwanza kwa mawe ya mgodi wa Étoile, ule ambao wenyeji wanauita Kalukuluku. Zaidi ya miaka 110 imepita na komine ya Ruashi bado inaishi pembeni ya mashimo ya madini: Chemaf iko Étoile, na Ruashi Mining, ambayo ni ya kundi la Kichina Jinchuan pamoja na Gécamines, iko jirani. Lakini mawe hayaoti tena. Siku yatakapokwisha, Ruashi itabaki na nini? Na nani anaamua leo?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: mkaaji hakuulizwa. Katika miaka ya 1950, Office des Cités Africaines, shirika la kikoloni la ujenzi, ndilo lililochora avenyu za Ruashi na kujenga nyumba zake. Baadaye mji ulipanuka wenyewe, na watu wakajenga hadi karibu na nyua za migodi.

Leo sheria inasema kitu kingine. Kuna milango mitatu ambayo mkaaji wa Ruashi anaweza kupitia ili neno lake liingie katika mipango ya komine. Shida ni kwamba wengi hawaijui, au wanaijua wakati kila kitu kimekwisha kutiwa sahihi.

Mlango wa kwanza: cahier des charges

Sheria ya madini ya tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kufanya mapatano na jamii zinazoizunguka. Ndiyo hati inayojulikana kwa jina la cahier des charges. Ndani yake kampuni inaahidi kazi zinazoonekana: shule, kituo cha afya, barabara, maji. Hati hiyo ni ya miaka mitano, na inapaswa kutoka katika mazungumzo na wakaaji. Kwa hiyo wakati wa kusema ni kabla ya sahihi. Anayengoja sherehe ya kufungua kisima ndipo alalamike kwamba yeye alihitaji mtaro, amechelewa.

Mlango wa pili: 0,3%

Sheria hiyo hiyo inaiomba kampuni kutenga kila mwaka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Tupige hesabu ya mfano: kampuni ikiuza kwa dola milioni 100, jamii inapata dola 300.000. Fedha hizo hazisimamiwi na kampuni peke yake. Zinasimamiwa na chombo ambamo wajumbe wa kampuni wanakaa pamoja na wajumbe wa jamii. Basi kila kartie ina haki ya kuuliza: mjumbe wetu ni nani, alichaguliwaje, na lini atarudi kutupa ripoti?

Mlango wa tatu: bajeti ya komine

Kampuni inalipa pia redevansi ya madini, ambayo kwa shaba ni 3,5%. Katika fedha hizo, 50% zinaenda Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa komine, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10% katika mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hesabu yetu ya dola milioni 100 za shaba, redevansi ni dola milioni 3,5, na ile 15% ni dola 525.000. Kama mgodi umegusa komine zaidi ya moja, zinagawana.

Sehemu hiyo inaingia katika bajeti ya komine. Sheria ya mwaka 2008 juu ya komine na sekta inalipa baraza la komine kazi ya kujadili mambo ya komine. Kwa miaka mingi mabaraza hayo yalikuwa kwenye karatasi tu. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, komine za miji mikuu ya majimbo, Ruashi ikiwa ndani, zilipigia kura washauri wao. Kwa hiyo sasa mkaaji ana mtu wa kumuuliza.

Vipande vitatu, mpango mmoja?

Hatari iko hapa. Kila mfuko una kamati yake, orodha yake na kalenda yake. Mmoja unaweza kujenga shule, mwingine ukajenga nyingine avenyu mbili mbele, na kartie ya tatu ikabaki bila maji. Cahier des charges inaona miaka mitano. Muhula wa mshauri ni miaka mitano pia. Mtoto anayezaliwa leo Matoleo au Kalukuluku atahitaji kazi baada ya miaka 20, labda wakati hakuna tena lori la madini linalopita.

Ndiyo maana swali la kuuliza katika mikutano si « mtatujengea nini mwaka huu? » peke yake. Ni pia: mpango wa miaka 20 wa komine uko wapi, nani aliuandika, na mifuko hii mitatu inautumikiaje?

Haya si ndoto. Huko Kivu Kusini, karibu mwaka 2010, komine kama Ibanda mjini Bukavu zilijaribu bajeti shirikishi kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wakaaji waliitwa katika mikutano kwa ujumbe wa simu na wakachagua miradi ya kutangulia. Kenya nayo imeweka katika sheria kwamba kila kaunti iandike mpango wa miaka mitano kwa kusikiliza raia.

Kwa Ruashi, hatua ya kwanza haina bei. Wakaaji wa avenyu wanaweza kukutana, kuandika mahitaji matatu kwa utaratibu wa haraka yake, kupeleka karatasi kwa mkubwa wa kartie na kwa mshauri wao, na kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mwaka ukiisha, karatasi hiyo ndiyo ya kuweka mezani wakati wa kuuliza fedha zimefanya nini.