Mlangilangi: Manukato ya Usiku na Mipaka ya Tiba Yake

Mchana mlangilangi ni mti wa kawaida tu uani, na harufu ya maua yake ni hafifu. Usiku unapoingia, manukato yake hutanda hadi vyumbani. Ua lake huchanua likiwa la kijani, kisha petali zake ndefu hugeuka manjano. Manjano hiyo ikikolea, na kitovu cha ua kikapiga wekundu, ndipo harufu imetimia.

Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini-Mashariki, zikiwemo Ufilipino na Indonesia. Hivi leo majirani zetu wa visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Huko miti hukatwa vilele isirefuke, na maua huchumwa alfajiri, kabla ya jua kupunguza manukato yake. Kilo 50 za maua hutoa takriban kilo moja tu ya mafuta, nayo hupatikana baada ya saa nyingi za kuyatokosa kwa mvuke.

Nchini Ufilipino, tangu zamani, maua hurowekwa katika mafuta ya nazi, yakapakwa nywele, ngozi, na hata mwili wa mwenye homa. Nchini Indonesia hutandazwa juu ya kitanda cha maarusi. Nasi wa pwani twayajua katika kikuba, pamoja na asumini, mrehani na mkadi. Wengi husema kuwa harufu hii hutuliza moyo, na usemi huo hauko mbali na ukweli: katika majaribio madogo, watu waliovuta harufu ya mafuta haya walionekana mapigo ya moyo yao yakipungua kasi na shinikizo la damu likishuka kiasi.

Hapa ndipo twapaswa kupambanua. Kutulia kwa saa moja si kupona. Maradhi ya shinikizo la damu mara nyingi hayana dalili, basi mama anayejihisi vyema baada ya kunusa langilangi asiviache vidonge vyake. Vivyo hivyo, mtoto mwenye homa katika pwani yetu huenda ana malaria. Kumpaka mafuta hakutaiondoa. Apelekwe apimwe damu siku hiyo hiyo.

Anayetaka kujitengenezea mafuta ya nywele nyumbani achume maua mapevu alfajiri, ayaanike kivulini mpaka umande ukauke, kwani maji huyaharibu mafuta. Kisha ayaroweke katika mafuta ya nazi kwa siku kadhaa ndani ya chupa safi, na ayachuje. Kabla ya kuyatumia, ajaribu tone moja mkononi na asubiri siku nzima, kwa sababu langilangi huwawasha baadhi ya watu.

Mafuta makali ya dukani yasipakwe bila kuchanganywa na mafuta mengine, wala yasinywewe, na yawekwe mbali na watoto. Mjamzito amuulize mkunga au daktari kwanza. Na harufu ikizidi chumbani, humletea mtu maumivu ya kichwa badala ya kumpumzisha.

Mti huu tumeurithi kwa mapambo na faraja, na kwa hayo watosha. Tuupande karibu na dirisha, tuzifunze binti zetu kutunga kikuba, na dawa za hospitali tuziache zifanye kazi yake.